Mshauri Asiye na Amri

Ziko kazi za serikali ambazo mwenye kuzishika hana askari wa kuwatuma wala sheria ya kumshurutisha mtu, silaha yake ikiwa ni kauli na subira. Mojawapo ilianzishwa mwaka 2010 katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, Rais Obama alipokuwa madarakani, nayo ilikuwa kazi ya Mshauri Maalumu wa Haki za Watu Wenye Ulemavu Ulimwenguni. Na wa kwanza kuikalia alikuwa Bibi Judith Heumann.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1947, akapatwa na polio kabla ya kutimiza miaka miwili, akawa mtu wa kiti cha magurudumu umri wake wote. Mama yake alipompeleka shule huko Brooklyn alikataliwa, kwa hoja kwamba kiti kile kingekuwa hatari moto ukizuka. Na alipokwisha kusoma, wakuu wa elimu wa New York wakamnyima kibali cha ualimu, naye akawashitaki mwaka 1970 hata akakipata. Mwaka 1977 alikuwa miongoni mwa viongozi wa watu zaidi ya mia, viziwi na vipofu na wenye viti vya magurudumu, walioingia katika jengo la serikali mjini San Francisco wakakataa katakata kutoka, mpaka baada ya majuma zaidi ya matatu waziri mhusika akatia sahihi kanuni za sheria ya kuwalinda wenye ulemavu iliyopitishwa tangu 1973 na kulazwa sandukuni. Aliyeyapitia hayo hahitaji kuelezwa kwamba sheria isiyo na msimamizi ni karatasi.

Je, mshauri wa jinsi hii alifanya nini hasa? Alikutana na wajumbe wa serikali za kigeni na vyama vya wenye ulemavu, lakini aghalabu kazi ngumu zaidi ilikuwa ile ya nyumbani, ya kuwazindua mabalozi na makarani wa wizara yake mwenyewe. Ripoti ya haki za binadamu ambayo wizara ile huitoa kila mwaka ilikuwa na sehemu ihusuyo watu wenye ulemavu, na sehemu hiyo haikuweza kuandikwa kwa insafu na mtu aliyeuliza mawaziri pasipo kumwuliza kipofu wala kiziwi. Kadhalika msaada wa fedha: zahanati iliyojengwa juu ya ngazi, hata ikiwa imejengwa kwa nia njema, imekwisha kumfungia mlango mgonjwa asiyeweza kupanda.

Sasa tazama ajabu iliyomkabili. Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tarehe 13 Desemba 2006. Kenya ikauridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Marekani, ambayo sheria yake ya wenye ulemavu ya mwaka 1990 ilikuwa kiolezo kimojawapo cha mkataba huo, ilitia sahihi mwaka 2009, lakini sahihi haitoshi bila ya thuluthi mbili za Baraza la Seneti. Tarehe 4 Desemba 2012 mzee Bob Dole, aliyejeruhiwa katika Vita Vikuu vya Pili na kuliongoza baraza lile zamani, aliletwa ukumbini katika kiti cha magurudumu awasihi wenzake wa chama wauridhie mkataba. Maseneta 61 wakakubali, 38 wakakataa, zikapungua kura 5. Wapinzani walihofu, bila ya msingi kwa maoni yangu, kwamba wageni wangeingilia haki ya wazazi kuwasomesha watoto wao nyumbani.

Hivyo mshauri alikuwa akiwahimiza wengine watimize mkataba ambao kwao haujaridhiwa. Wapo watakaouita unafiki. Mimi naona unafiki, kama upo, ulikuwa wa baraza, kwani Bibi Heumann naye alikwenda mbele ya maseneta hao hao kuutetea mkataba.

Aliondoka ofisini mwaka 2017, na kiti kikakaa bila ya mwenyewe hadi 2021, Rais Biden alipomteua Bibi Sara Minkara, asiyeona tangu utotoni. Bibi Heumann alifariki Machi 2023, na Seneti ilikuwa bado haijauridhia mkataba.