Kukoma hedhi si ugonjwa, lakini mateso yake yana tiba

Mama wa miaka 48 anaamka saa nane usiku. Leso aliyojifunga imelowa jasho, moyo unampiga kwa kasi na usingizi umekatika. Asubuhi anafungua kibanda chake sokoni akiwa tayari amechoka. Anapitia kwenye duka la dawa kununua dawa za malaria, mara ya tatu mwaka huu, bila kupimwa. Hedhi yake imekuwa ikija na kupotea kwa miezi kadhaa, lakini hajalihusisha hilo na jasho la usiku, wala hajamwambia mtu.

Mama huyo ni mfano tu. Hata hivyo, wakazi wengi wa kaunti watamwona ndani yake mama, shangazi, dada au mke wao. Wanawake wengi hupitia kipindi cha kukoma hedhi kimyakimya, wakiamini kwamba ni jambo la kuvumiliwa. Wengine hutibiwa presha, malaria au vidonda vya tumbo ambavyo hawana. Ukweli ni kwamba matibabu yapo, yakiwemo ya homoni, na mwanamke ana haki ya kuyaulizia.

Mwilini kunatokea nini?

Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi anapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, ikiwa hakuna sababu nyingine kama vile ujauzito, kunyonyesha au njia ya kupanga uzazi. Kwa wengi hali hii hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55. Ovari hupunguza kutengeneza homoni ya estrojeni, na mayai hayapevuki tena.

Mabadiliko hayo hayaji kwa siku moja. Miaka kadhaa kabla ya hedhi kukoma kabisa, homoni hupanda na kushuka bila mpangilio. Hedhi huweza kuja mara mbili kwa mwezi, kisha ikapotea kwa miezi mitatu. Hiki ndicho kipindi ambacho wengi huanza kupata dalili, na ndicho pia ambacho wengi hukosea kwa kudhani hawawezi tena kushika mimba. Wanaweza. Mwanamke ambaye hataki mimba anashauriwa kuendelea na njia ya kupanga uzazi hadi mhudumu wa afya amwambie ni salama kuacha.

Wanawake wanaotumia sindano ya miezi mitatu au kipandikizi huenda wasione hedhi kwa sababu ya njia hiyo yenyewe. Kwao, kukosa hedhi pekee hakutoshi kuwa ishara. Ni muhimu waeleze dalili nyingine wanazohisi.

Mwanamke aliyeondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji hukoma hedhi papo hapo, na mara nyingi dalili zake huwa kali. Vilevile, hedhi ikikoma kabla ya umri wa miaka 40, hiyo si hali ya kawaida na inahitaji uchunguzi wa daktari bila kuchelewa.

Dalili ambazo hazisemwi

Dalili inayojulikana zaidi ni joto la ghafla linalopanda kifuani, shingoni na usoni, kisha jasho. Likija usiku, hukata usingizi. Mtu asiyelala vizuri kwa miezi mingi husahau mambo, hukasirika upesi na hushindwa kumakinika kazini. Wengine hupata wasiwasi, huzuni isiyoisha, mapigo ya moyo ya kasi na maumivu ya viungo.

Kuna dalili nyingine ambazo wengi huona aibu kuzitaja. Uke huwa mkavu na tendo la ndoa huuma. Mkojo huja mara kwa mara, na maambukizi ya njia ya mkojo hujirudia. Mume asipoelezwa, huenda akadhani amekataliwa au kwamba kuna mwanamume mwingine. Ndoa imara huweza kuingia doa kwa jambo ambalo lina dawa. Tofauti na joto la ghafla, ambalo kwa wengi hupungua baada ya miaka kadhaa, ukavu huu mara nyingi hauishi wenyewe bila matibabu.

Mabadiliko mengine hayaonekani. Estrojeni inapopungua, mifupa hupoteza uimara wake na huweza kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu. Hatari ya ugonjwa wa moyo pia huongezeka kadiri miaka inavyosonga.

Si kila jasho ni la kukoma hedhi

Jasho la usiku linaweza pia kutokana na kifua kikuu, malaria au ugonjwa wa tezi ya shingo. Uchovu unaweza kusababishwa na upungufu wa damu au kisukari. Ndiyo maana kwenda kupimwa ni bora kuliko kubahatisha dukani. Kwa mwanamke aliyepita miaka 45 mwenye dalili za kawaida, mhudumu wa afya huweza kutambua hali hii kwa mazungumzo na uchunguzi, bila kipimo cha damu cha homoni. Vipimo vingine hufanywa ili kuhakikisha hakuna ugonjwa uliojificha.

Dalili moja haifai kusubiri hata wiki. Damu inayotoka ukeni baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata kama ni tone, lazima ichunguzwe. Mara nyingi chanzo chake si kikubwa, lakini inaweza kuwa ishara ya saratani ya mfuko wa uzazi au ya mlango wa uzazi. Kusema kwamba “hedhi imerudi” kumewachelewesha wanawake wengi kupata matibabu.

Matibabu ya homoni hufanyaje kazi?

Matibabu haya humrudishia mwanamke kiasi cha estrojeni ambacho mwili wake umeacha kutengeneza. Ndiyo tiba yenye nguvu zaidi kwa joto la ghafla na jasho la usiku, na pia hulinda mifupa. Dawa huja kama vidonge vya kumeza, vibandiko vya kubandika kwenye ngozi, au jeli ya kupaka.

Mwanamke ambaye bado ana mfuko wa uzazi hupewa estrojeni pamoja na homoni ya pili, ya jamii ya projesteroni. Estrojeni ikitumiwa peke yake hunenepesha utando wa ndani wa mfuko huo na huweza kuleta saratani. Aliyetolewa mfuko wa uzazi kwa kawaida huhitaji estrojeni pekee.

Kwa mwenye tatizo la ukavu au la mkojo peke yake, kuna krimu au vidonge vya kuweka ukeni. Hivi vina kiasi kidogo cha homoni, na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana.

Dawa za homoni za kukoma hedhi si njia ya kupanga uzazi. Vivyo hivyo, vidonge vya kupanga uzazi visinunuliwe dukani ili kutibu joto la ghafla. Kipimo chake ni tofauti na hatari zake kwa mwanamke wa umri huu ni tofauti.

Hofu ya saratani ilitoka wapi?

Wengi wamesikia kwamba homoni huleta saratani ya matiti. Hofu hiyo ilienea duniani mwaka 2002, wakati sehemu ya utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative iliposimamishwa kabla ya wakati wake. Miongoni mwa waliomeza vidonge vyenye homoni mbili, watafiti walipata takriban visa 8 zaidi vya saratani ya matiti kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Kiharusi na kuganda kwa damu pia viliongezeka. Kwa upande mwingine, kuvunjika kwa nyonga kulipungua.

Kilichosahaulika ni kwamba wanawake hao walikuwa na umri wa miaka 50 hadi 79, na wastani wao ulikuwa miaka 63. Wengi walikuwa wamekoma hedhi zamani. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kuwa kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida huzidi hatari. Pia, estrojeni inayopitia kwenye ngozi haijaonekana kuongeza hatari ya kuganda kwa damu kama ile ya kumeza.

Hii haimaanishi kwamba dawa hizi zinamfaa kila mtu. Kwa kawaida hazipewi mwanamke aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, mshtuko wa moyo au damu kuganda kwenye mishipa, mwenye ugonjwa mkali wa ini, au anayetokwa damu ukeni bila chanzo kujulikana. Presha hudhibitiwa kwanza. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya HIV, za kifua kikuu au za kifafa aseme hivyo, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hupunguza nguvu ya homoni.

Kwa wasioweza au wasiotaka homoni, daktari anaweza kuandika dawa nyingine zinazopunguza joto la ghafla. Ushauri nasaha pia husaidia usingizi na hali ya moyo, na vilainishi husaidia ukavu. Kutembea kwa kasi, kubeba uzito kiasi, kuacha sigara, kupunguza pombe na kula vyakula kama maziwa, omena na mboga za majani huimarisha mwili na mifupa. Dawa za mitishamba zinazouzwa kama “za homoni” zisitumiwe bila kumweleza daktari, kwani viambato vyake mara nyingi havijulikani.

Pa kuanzia

Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Dawa za homoni hazipatikani katika kila kituo, hivyo mhudumu huweza kutoa rufaa hadi hospitali ya kaunti ndogo au hospitali ya rufaa ya kaunti, aliko daktari wa magonjwa ya wanawake. Mkazi ambaye hajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) anaweza kufanya hivyo kwa simu kupitia *147#. Kabla ya kuanza dawa, aulize kituoni ni gharama zipi zinazolipiwa na zipi atakazojilipia, kwa sababu matibabu haya huweza kuendelea kwa miaka.

Ili mazungumzo na daktari yawe na manufaa, mwanamke aende akiwa ameandika:

• Tarehe ya hedhi ya mwisho na jinsi ilivyobadilika.
• Dalili zinazomsumbua zaidi, na mara ngapi kwa siku au usiku.
• Dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba na za kupanga uzazi.
• Magonjwa na upasuaji aliowahi kupata, na saratani katika familia.

Akiwa huko aulize: Je, homoni zinanifaa? Ni za aina gani na kwa nini? Hatari zake kwangu ni zipi? Nirudi lini? Kwa kawaida daktari hutaka kumwona tena baada ya miezi 3, kisha kila mwaka. Damu kidogo huweza kutoka katika miezi ya mwanzo ya matibabu. Ikiendelea au ikizidi, arudi mapema. Uvimbe kwenye titi, maumivu ya kifua, kushindwa kupumua au mguu mmoja kuvimba ghafla ni sababu ya kwenda hospitalini mara moja.

Mhudumu akimwambia “ni uzee tu, vumilia,” mwanamke anaweza kwa heshima kuomba rufaa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo huduma ya afya ya uzazi, na haki hiyo haina kikomo cha umri.

Waume na watoto wanaweza kusaidia kwa kuuliza, kusikiliza na kumsindikiza mama kituoni. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba kwa nyumba pia wanaweza kuulizwa kuhusu jambo hili na kumwelekeza mkazi kwenye kituo kinachofaa.