Pumzi Inapobanwa na Uzito

Miongoni mwa maswali ninayoulizwa na kina mama baada ya darsa, hili hurudi mara kwa mara: mtu akisujudu pumzi humkatika, na akiinuka kwa rakaa ya pili hutweta kama aliyepanda ngazi za ghorofa. Je, asali kitini? Jawabu la fiqhi ni fupi, nami nitalitaja. Lakini kwanza tujiulize kwa nini pumzi ikatike.

Wengi hudhani ni pumu, au moyo, au umri. Huenda ikawa hivyo, na aghalabu pumu huwa nzito zaidi kwa aliyenenepa. Hata hivyo, kuna watu ambao mapafu yao ni mazima, ila yametwikwa mzigo.

Mapafu hayajivuti yenyewe. Hufunguliwa na misuli ya mbavu na, zaidi ya yote, na kiwambo, yaani ule msuli mpana uliotenga kifua na tumbo. Tunapovuta pumzi kiwambo hushuka, kifua kikapanuka, hewa ikaingia. Mafuta yakijaa tumboni, kiwambo hupata kizuizi kila kinaposhuka. Yakiwa juu ya mbavu, kifua hupanuka kwa taabu. Ile akiba ya hewa inayobaki baada ya kutoa pumzi hupungua, na vijia vyembamba vilivyo chini ya mapafu huelekea kuziba. Hapo mtu huvuta pumzi fupifupi, za haraka. Akilala chali au akiinama, tumbo hukisukuma kiwambo juu zaidi, ndipo sijda ikamtaabisha hata yule anayeweza kutembea polepole bila shida.

Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Al-Miqdam bin Ma'dikarib, alipoligawa tumbo mafungu matatu hakutaja chakula na kinywaji peke yake, la tatu aliliachia pumzi. Tumeizoea kama adabu ya kula tu. Lakini shibe ya mlo mmoja hukisukuma kiwambo kwa saa chache, na mafuta ya tumboni hukisukuma usiku na mchana.

Usiku ndio wenye hatari zaidi. Tukilala, misuli ya koo hulegea. Shingo iliyojaa mafuta hubana njia ya hewa, mtu akakoroma. Kisha njia ikajifunga kabisa, koroma ikanyamaza. Kimya hicho huchukua sekunde 10 au zaidi, mpaka mwili ugutuke na kuvuta hewa kwa kishindo. Kwa walioathirika sana hutokea zaidi ya mara 30 katika saa moja, nao wenyewe hawana habari. Oksijeni hushuka, presha hupanda, moyo huhemewa. Asubuhi kichwa huuma na kinywa hukauka. Mchana mtu husinzia kazini, au, Allah atuepushe, akiwa ameshika usukani.

Hapa kwetu Pwani mwenye kugutuka hivyo huambiwa amekabwa na jinamizi, akaja kwetu kutaka kombe. Sikatazi kusomewa Qur'ani, kwani ndani yake mna shifaa. Ninachokataa ni kombe kuchukua nafasi ya daktari, na mume au mke kusikia kimya kile kila usiku asiseme neno.

Kuna na hali nyingine, ambapo aliyenenepa mno hashindwi usiku tu. Hata mchana hapumui vya kutosha, na hewa chafu ya kaboni ikalimbikizana katika damu. Mwaka 1956 madaktari wa Marekani waliipa jina kutokana na riwaya ya Charles Dickens, yenye kijana mnene asiyeacha kusinzia. Wasomaji wa riwaya hiyo walikuwa wamemcheka kijana huyo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Nasi tuache kucheka, na tuache pia kusifu kupita kiasi. Bibi harusi akinenepa twasema ndoa imemkaa. Mzazi hulishwa arubaini nzima, kisha akalaumiwa kwa uzito aliobaki nao. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta takriban thuluthi moja ya wanawake wa Kenya wenye miaka 15 hadi 49 wamezidi uzito unaofaa. Kwa kipimo cha madaktari, mama mwenye kimo cha mita 1.60 huhesabiwa mnene wa kupindukia akifikia kilo 77 hivi.

Nafuu haingoji mtu awe mwembamba. Mwenye kilo 90 akipunguza 9, pumzi na usingizi huanza kutengemaa. Apunguze mahamri na sukari ya chai, apakue mara moja, atembee baada ya alfajiri pamoja na jirani zake. Kulala ubavu, kama ilivyo sunna, huwasaidia wengi kuliko kulala chali. Vidonge vya usingizi asivimeze bila idhini ya daktari, kwa kuwa huweza kulilegeza koo zaidi. Anayeishi naye arekodi mkoromo kwa simu ampelekee daktari. Ipo mashine ya kusukuma hewa puani usiku, nayo huliweka koo wazi. Ama pumzi iliyokatika ghafla, au pamoja na maumivu ya kifua au mguu uliovimba, hiyo ni ya kukimbiziwa hospitali saa ileile.

Na aliyeuliza kuhusu kiti: akiweza kusimama asimame, kwani kisimamo ni nguzo. Kilichomshinda ni sijda, basi akifikia hapo akae kitini na aashirie kwa kichwa, sijda ikiwa chini kuliko rukuu.