"Komaa Dogo" Haitoshi

Wanachuo wenzangu wa ualimu, tukienda mazoezi ya kufundisha tutamkuta yule dogo wa kidato cha kwanza anayefunga daftari baada ya swali la pili. Tusikimbilie kumwita mvivu. Shule ya msingi alisoma hesabu kwa Kiswahili, leo anaulizwa kwa Kiingereza. Akikwama, hata yeye hajui kilichomshinda ni hesabu au ni lugha.

Sasa tufanyeje? Kwanza, tuangalie tunavyosifu. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio yao kwa watoto wa darasa la tano. Waliosifiwa kuwa wana akili, wakishakutana na maswali magumu, walikata tamaa mapema kuliko waliosifiwa kwa bidii. Ukiambiwa una akili, kukosa kunakuwa ushahidi kwamba huna.

Ila bidii bila njia inachosha tu. Kwa hiyo ligawe swali: aeleze kwa Kiswahili linataka nini, aandike anachokijua, ndipo akokotoe. Ukisahihisha, usichore mkasi ukurasa mzima. Mwandikie: "Uko sawa hadi mstari wa tatu, angalia alama ya kutoa." Kisha arudie, na marudio yapate maksi.

Darasa likiwa na wanafunzi 80, wakaguane wawili wawili kwanza. Mtoto anakomaa akiona pa kushika. Kumwonyesha hapo ndiyo kazi yetu.