Kibali cha Mgodi Mdogo Kigeuzwapo, Ni Nani Afukiaye Mashimo?

Wako watu wachimbao dhahabu huko Migori, Siaya na Kakamega wadhanio ya kuwa kibali cha mgodi mdogo ni kama baisikeli: ukimwuzia mwenzio, taabu zake zote zimekuwa zake. Sivyo. Kibali huweza kugeuzwa, lakini mashimo hubaki pale pale, na sheria hutaka kujua ni nani atakayeyafukia.

Sheria ya Madini ya 2016, iliyochukua mahali pa ile ya 1940, yasema kwamba mwenye kibali, kazi ikiisha, hana budi kuirudisha ardhi katika hali yake ya kwanza, au katika hali ya kufaa iliyo karibu nayo iwezekanavyo. Wala asiache sumu ikavuja mtoni. Tena hawezi kumwachia mtu mwingine haki yake ya kuchimba bila idhini ya Waziri mwenye kuangalia mambo ya madini. Hayo wachimbaji wengi wamekwisha kuyasikia.

Wasilolijua ni kwamba kuna karatasi ya pili, nayo ni leseni ya mazingira, itolewayo na Mamlaka ya NEMA chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999. Ikiwa kazi imegeuka sana, kwa mfano watu waliokuwa wakichimba kwa sururu sasa wameleta mashine, Mamlaka yaweza kuagiza uchunguzi wa mazingira ufanywe upya, kwa gharama ya mwenye leseni. Na leseni ikihamishwa, yule aitoaye na yule aipokeaye hawana budi kuiarifu Mamlaka kwa maandishi, wote wawili pamoja, kabla ya siku 30 kupita. Wasipofanya hivyo, yule ambaye jina lake limeandikwa katika leseni ndiye ahesabiwaye kuwa mwenye mgodi.

Mathalani mtu ana mashimo matatu katika shamba la jirani yake. Amechoka, amemwuzia mwenziwe haki ya kuchimba, wakaandikiana mbele ya mashahidi bila kumwarifu Waziri wala Mamlaka, naye akarudi kulima mahindi. Mnunuzi akachimba mengine kumi, kisha akatoweka. Mvua ikanyesha, mashimo yakajaa maji, ng'ombe wa mwenye shamba akazama. Afisa wa mazingira atazamapo leseni ataliona jina la nani? La mkulima wa mahindi. Aweza kuletewa amri ya kuirudisha ardhi katika hali njema, na ile karatasi ya mashahidi haitamfaa sana.

Mambo haya yana historia chungu. Dhahabu ilipopatikana Kakamega mwaka 1931, ilikuwapo sheria ya 1930 iliyosema kwamba ardhi ya Waafrika ikichukuliwa, ardhi nyingine ya kiasi hicho iongezwe badala yake. Desemba 1932 sheria hiyo ikageuzwa, ili wenyeji walipwe fedha tu, wala baraza lao lisiulizwe kwanza. Mgodi wa Rosterman ukafanya kazi mpaka 1952. Mwenye shamba wa siku hizi ana nafasi ya kuuliza, na yafaa aulize kabla sururu ya kwanza haijapiga chini.

Tena kufukia si kutupa mawe shimoni. Udongo mweusi wa juu huwekwa kando tangu siku ya kwanza, usichanganywe na mawe ya chini, kwa kuwa ndio utakaootesha tena mimea. Usipokuwapo, kazi huwa ndefu mno. Huko Bamburi, karibu na Mombasa, mawe ya kutengenezea saruji yalichimbwa hata pakabaki uwanja mtupu wenye chumvi. Mwaka 1971 Bwana René Haller alianza kujaribu miti ya aina 26. Iliyostahimili ilikuwa ya aina tatu tu, mmojawapo mvinje. Majani ya mvinje hayakuoza upesi, ikabidi waletwe jongoo wayale na kuyageuza udongo. Leo ni msitu, lakini umechukua miaka mingi, na nyuma yake palikuwa na kampuni kubwa. Mchimbaji mdogo hana fedha za namna hiyo.

Kwa hiyo atakaye kugeuza au kuhamisha kibali chake, kwanza na ayahesabu mashimo yaliyopo pamoja na mwenye shamba na yule ajaye, waandike idadi yake na kina chake, na ni yapi yatakayofukiwa na nani. Ndipo wapeleke barua mbili: moja kwa ofisi ya madini, ya pili kwa NEMA, yenye sahihi za wote wawili. Nakala ya barua hiyo ya pili mtoaji aiweke nyumbani kwake.