Mnapendana sawa, lakini damu zenu zinajuana?

Umeshajua timu anayoshabikia, chai anayopenda na hata nywila ya simu yake. Mmeanza kuongelea siku ya kwenda kuona wazazi. Sasa jibu swali hili: mtu wako ni AA, AS au SS? Na wewe je?

Ukijibu kwamba wewe ni O, hapo umeteleza. O, A, B na AB ni makundi ya damu, yale ya kuangaliwa unapoongezewa damu. Herufi ninazouliza zinahusu hemoglobini, na ndizo zinazoamua iwapo mtoto wenu anaweza kuzaliwa na ugonjwa wa selimundu, ule wengi mtaani huuita siko seli.

Ili uelewe, turudi kidogo kwenye lile somo la baiolojia ulilosinzia. Seli ndiyo sehemu ndogo kabisa ya mwili iliyo hai. Seli zinazofanya kazi pamoja huunda tishu. Tishu mbalimbali zikiungana hutupa ogani kama vile moyo, figo na mapafu. Ogani nazo zikishirikiana huunda mfumo, kama mfumo wa kupumua au wa kusafirisha damu. Kitu ambacho huenda hukukisikia ni kwamba damu yenyewe ni tishu, ila hii ni ya majimaji.

Matatu za mwilini

Chukulia seli nyekundu ya damu kuwa matatu. Stage ya kupakia ni mapafu, abiria ni oksijeni, na viti vyenyewe ni protini iitwayo hemoglobini. Matatu hii inashusha abiria kwenye ubongo, misuli na kila kona ya mwili, kisha inarudi kupakia tena. Kiwanda chake ni uboho, ile tishu laini iliyo ndani ya mifupa. Kila sekunde uboho hutoa seli nyekundu mpya zipatazo milioni mbili. Kila moja hupiga kazi kwa siku 120 hivi, halafu wengu, ogani iliyo chini ya mbavu upande wa kushoto, husaidia kuziondoa barabarani zilizochakaa.

Seli nyekundu yenye afya ni mviringo, imebonyea katikati na ni laini. Ulaini huo si urembo. Mishipa mingine ya damu ni myembamba kuliko seli yenyewe, kwa hivyo lazima ijikunje ndipo ipite.

Sasa, hemoglobini hujengwa kwa minyororo ya asidi amino. Mnyororo mmojawapo, uitwao beta, una asidi amino 146. Kwa mwenye selimundu, ile ya sita imebadilishwa. Ni moja tu kati ya 146! Lakini wewe unajua: kosea tarakimu moja ya nambari ya simu unapotuma pesa uone zitakapoishia.

Hemoglobini hii, iitwayo S, ikishashusha oksijeni hushikamana na kuwa kama vijiti vigumu. Seli hupinda na kuchukua umbo la mundu wa kukatia nyasi. Haijikunji tena, inakwama kwenye mshipa mwembamba, na zinazofuata zinakwama nyuma yake. Hiyo ndiyo jam. Tishu zilizo mbele hukosa oksijeni, na hapo huja maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Wengu huharibika mapema, na mtoto hushambuliwa kwa urahisi na viini vya magonjwa. Figo huumia. Jam ikitokea kwenye ubongo, hata mtoto mdogo anaweza kupata kiharusi. Tena seli hizi hufa baada ya siku 10 hadi 20, uboho hushindwa kujaza pengo, na damu hupungua.

Kwa hivyo ukimwona mwenzako amekosa darasa au kazi tena kwa sababu ya maumivu, usiseme anajifanya. Wala hakuna aliyemroga.

Kwa nini huku kwetu?

Jibu lilipatikana hapa Kenya. Mwaka wa 1949, Anthony Allison, aliyelelewa humu nchini, alipima damu za watu wa maeneo mbalimbali. Karibu na Pwani na Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 ya watu katika baadhi ya jamii walikuwa na jeni moja ya S. Nyanda za juu walikuwa chini ya asilimia 1. Tofauti ilikuwa mbu. Mwaka wa 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria. Vizazi kwa vizazi, AS waliponea pale wengine walipofariki, nayo jeni ikaendelea kurithishwa. Leo watu wamehamia mijini na kuoana, kwa hivyo usijidanganye kwamba hili ni la watu wa ziwa na Pwani pekee.

Hesabu ya AS na AS

Mwenye AS kwa kawaida hana dalili yoyote. Anacheza mpira, anakesha, maisha yanaenda. Ndiyo maana wengi hawajijui. AS akizaa na AA, hakuna mtoto atakayekuwa SS. Lakini AS wawili wakikutana, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 kuwa SS, asilimia 50 AS na asilimia 25 AA. Kila mimba, narudia. Kupata mtoto wa kwanza mwenye SS hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata wako salama. Na kwa kuwa mtoto wa SS amepokea S kutoka kwa baba na mama, ile tabia ya kumlaumu mama peke yake haina msingi.

Kipimo ni cha damu. Hospitalini au kwenye maabara, sema unataka kupimwa aina ya hemoglobini. Mkipatikana nyote AS, si lazima muachane. Tafuteni mshauri wa afya, mjue mnachokabili, kisha muamue wenyewe.

Aliye na SS naye hajahukumiwa. Mtoto akigunduliwa mapema hupewa penisilini, chanjo na dawa za kuzuia malaria. Dawa iitwayo hydroxyurea hupunguza vipindi vya maumivu. Kunywa maji kwa wingi na kujikinga na baridi pia husaidia. Tiba ya kurekebisha jeni iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka wa 2023, ingawa bei yake ni balaa.

Basi leo usiku mkichati, baada ya "umekula?", muulize na lile swali la herufi mbili. Asipojua jibu, twendeni mkapimwe pamoja.