Simu inapolia bila kupigiwa

Kuna kelele ndogo iliyozoeleka katika nyumba na ofisi nyingi hivi kwamba watu wameacha kuitia maanani. Ni ule mlio mfupi, "pii", utokao katika simu ya nyumbani isiyo na waya, ukanyamaza kwa nusu dakika, kisha ukarudi, mchana kutwa na usiku kucha. Wenye nyumba huifunika simu kwa mto. Makarani wa shule huitia ndani ya droo. Na wengine, ambao naamini si wachache, huitupa na kununua nyingine, ilhali chombo chenyewe hakikuwa na kosa ila kwamba kilikuwa kikisema na hakuna aliyekisikiliza.

Mtaani Dallas, mjini Embu (si Dallas ile ya Texas, ingawa Marekani nayo itaingia katika maneno haya hivi punde), yupo mwalimu mstaafu aliyekaa karibu miezi miwili akiamini kuwa laini yake ya simu imeharibika. Wanawe wako ng'ambo. Kila Jumapili jioni walimpigia, na kila Jumapili mazungumzo yalikatika baada ya dakika mbili tatu, ule mlio ukitangulia. Mwishowe alianza kuyafupisha mwenyewe kabla hayajakatika: hamjambo, sijambo, kwaherini. Fundi wa kwanza alidai malipo ili akague waya za nje. Wa pili alimshauri anunue simu mpya. Hakuna hata mmoja wao aliyefungua kijifuniko kilicho mgongoni mwa simu akatazama betri. Betri ilipobadilishwa, Jumapili iliyofuata mama huyo alizungumza na wanawe mpaka chai ikapoa.

Ili tuuelewe mlio huo, yafaa tukumbuke jinsi chombo hiki kilivyoundwa. Simu ya kale ya mezani, yenye waya, haikuhitaji umeme wa nyumbani hata kidogo. Ilipata nguvu zake, volti 48 hivi, kupitia waya ule ule wa simu kutoka kituo cha simu, ambako kulikuwa na betri kubwa za akiba. Ndiyo sababu stima zilipopotea taa zilizimika lakini simu iliendelea kulia. Simu isiyo na waya ni mbili ndani ya moja: kuna kitako, ambacho huunganishwa na laini na kuchomekwa kwenye soketi ya umeme, na kuna mkono, ambao huzungumza na kitako kwa mawimbi ya redio na kuishi kwa betri yake. Umeme ukikatika, kitako hufa papo hapo, nao mkono hubaki ukikitafuta na kulalamika. Embu iko jirani na mabwawa ya Mto Tana, kuanzia Kindaruma lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1968 hadi Kiambere la mwaka 1988, lakini ujirani huo haujawaepusha wakazi wake na giza la ghafla. Kila giza la namna hiyo huinyima betri chakula chake.

Basi mlio huo husema nini? Aghalabu husema mojawapo ya mambo machache. Mlio mmoja mfupi unaorudi kwa vipindi, hasa wakati wa mazungumzo, ni kilio cha betri iliyochoka. Milio ya haraka inayoanza unapotoka nje kuelekea shambani na kukoma unaporudi sebuleni ni dalili kwamba umevuka mipaka ya mawimbi. Simu za kisasa za aina hii hufika mita 50 hivi ndani ya nyumba, na kuta za mawe hupunguza umbali huo. Mlio mrefu wa mkono kuitwa huenda ukatokana na kitufe cha kitako kilichokwama kwa vumbi. Na zipo simu zinazolia kwa sababu tu kuna ujumbe wa sauti ambao haujasikilizwa.

Hapa ndipo mwalimu wa sayansi anapoweza kupata somo zuri pasipo kununua kifaa chochote cha maabara. Swali la kwanza ni hili: je, mlio unatoka katika simu yenyewe au katika laini? Azima simu ya kawaida yenye waya, uichomeke mahali pa ile nyingine, kisha usikilize. Ikiwa sauti ile ile ingalipo, kosa liko katika laini, au kuna simu nyingine ya nyumba hiyo ambayo mkono wake haukurudishwa vyema. Ikiwa sauti imetoweka, rudi kwenye simu yako. Kagua kama soketi ina umeme na kama taa ya kitako inawaka. Sogea karibu na kitako. Sugua vile vipande vya chuma vinavyopitisha umeme wa kuchaji kwa kitambaa kikavu, au kwa kifutio cha mwanafunzi, kwa maana uchafu mdogo tu huweza kuizuia betri isijae usiku kucha. Ondoa betri na adapta kwa dakika chache, uvirudishe. Lakini fanya jambo moja kwa wakati mmoja, kisha ungoje. Anayefanya yote kwa mkupuo huenda akaiponya simu asijue alichoiponya nacho, na mlio ukirejea ataanza upya kama mgeni.

Kuhusu betri lazima nitoe tahadhari. Zile za simu hizi ni za nikeli, na kila seli hutoa volti 1.2, simu za zamani zilitumia seli tatu zilizofungwa pamoja, volti 3.6, na nyingi za baadaye hutumia mbili nyembamba. Huchakaa baada ya miaka miwili au mitatu, hata ukizitunza. Dukani utaziona betri za kawaida za tochi zenye umbo lilo hilo kwa bei nafuu. Usizitie! Hazikuundwa kuchajiwa, na kitako hakijui tofauti. Kitazilazimisha umeme hadi zivuje au zipasuke. Betri mpya nayo iachwe kitakoni saa 16 hivi kabla ya kuanza kutumiwa, jambo ambalo watu wengi hawana subira nalo.

Sasa turudi Marekani. Jamaa zetu walioko huko hupenda kutuletea simu hizi kama zawadi. Adapta nyingi za huko zimeundwa kwa volti 120, ilhali umeme wa Kenya ni volti 240. Kabla ya kuichomeka, soma maandishi yaliyo mgongoni mwake. Kama hayasemi "100-240", zawadi yako itafuka moshi. Hata ukipata kipunguza volti, lipo jambo la pili. Simu za kule za megahezi 900 hutumia kati ya 902 na 928, na sehemu ya masafa hayo hapa hutumiwa na simu za mkononi kuwasiliana na minara. Kwa hiyo zawadi hiyo huweza kuvuruga simu za majirani bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana sheria hutaka vifaa vya mawasiliano viidhinishwe na Mamlaka ya Mawasiliano.

Linalonikera zaidi ni kitabu cha maelezo. Nimeviona vyenye Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, hata Kireno, Kiswahili sijakiona. Mama wa Dallas alikuwa nacho kitabu chake, safi, ndani ya mfuko wake wa plastiki, na maana ya mlio ilikuwa imechapishwa ukurasa wa nne. Alifundisha kusoma kwa zaidi ya miaka 30, lakini herufi zile zilikuwa ndogo kama mbegu za wimbi. Walimu wa Kiswahili wanaotafuta zoezi la tafsiri kwa wanafunzi wao wana kazi tele hapo: ukurasa mmoja kama huo, utafsiriwe kwa lugha nyepesi, uandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa ukutani kando ya simu.

Nayo betri kuukuu isitupwe shimoni pamoja na maganda ya ndizi. Nyingi za zamani zina kadimiamu, sumu inayoharibu figo na mifupa, na maji ya mvua huishusha hadi mitoni.