"Mukubwa, nifanye nini nishinde?" Maswali matatu ya mchezo wa ukoloni, na la nne ambalo hakuna anayeuliza



Wengi mnajua kwamba kwenye mashini yangu iko mchezo unaoitwa FreeCol. Ni wa bure, hauombi intaneti, unatembea hata kwenye mashini ya zamani. Njo maana ulienea haraka kati yetu hapa Butembo na kule Beni: giza likiingia kila mtu anarudi nyumbani mapema kwa sababu ya usalama, na kama batri bado iko na nguvu, vijana wanacheza. Mradi wenyewe ulianza 2002, ukifuata mchezo wa zamani zaidi, Colonization, uliotoka 1994. Unachagua taifa moja kati ya manne: Uingereza, Ufaransa, Uhispania au Uholanzi. Mwaka ni 1492. Unavuka bahari, unafika Amerika, unajenga miji, unauza mazao Bulaya, na mwishoni unatangaza uhuru na kupigana na mfalme wako mwenyewe.

Kila mara wadogo zangu wananiuliza maswali yaleyale matatu: biashara, mapatano, vita. Leo ninajibu yote pamoja, kama mchezaji na pia kama agronome. Mtaona kwamba majibu hayaishii kwenye mashini.

1. "Mukubwa, kwa nini bei ya tumbako yangu inashuka kila safari?"

Kwa sababu wewe mwenyewe unaishusha. Katika mchezo soko la Bulaya linahesabu unacholeta. Ukijaza meli tumbako mara tano mfululizo, bei inaanguka. Ukiacha muda upite, inapanda tena polepole. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: usiuze kitu kimoja tu. Changanya sukari, pamba, ngozi, tumbako.

Kanuni ya pili ni kubwa zaidi: usiuze mazao mabichi. Tumbako ikigeuzwa sigara, pamba ikigeuzwa kitambaa, miwa ikigeuzwa pombe, bei inapanda sana. Jenga nyumba ya kazi, weka mtu anayejua ufundi, halafu ndipo upakie meli. Na mfalme akiongeza kodi unaweza kukataa, lakini zao moja litafungiwa soko mpaka ulipe deni. Basi kataa kwa zao ambalo hulitegemei.

Sasa tuangalie kakao ya Beni. Mkulima akivuna, mbegu mbichi zinatakiwa kuchachushwa kama siku tano hadi saba, zikigeuzwa mara kwa mara chini ya majani ya ndizi, halafu kuanikwa mpaka zikauke vizuri. Kilo 100 za mbichi zinatoa kama kilo 35 hadi 40 za kavu. Hiyo ndiyo nyumba ya kazi ya kwanza, na haiombi mashini wala kuran. Lakini wengi wanauza mbichi siku ileile ya kuvuna. Si kwa ujinga. Mtu anayeogopa kulala shambani, au anayeogopa kwamba kesho ataikuta kakao yake imeibiwa, hawezi kungoja siku kumi na mbili. Anauza leo, kwa bei ya leo, kwa yule aliyesimama mbele yake.

Kuna tofauti moja na mchezo. Mkulima wa Mbau au wa Mangina hashushi bei ya dunia hata akivuna namna gani. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia inatoka Côte d'Ivoire na Ghana. Mwaka 2024 mavuno yalipokuwa mabaya kule, bei ilipita dola 10,000 kwa tani. Mwaka 2025 ikashuka vikali. Mchezaji wa FreeCol anaiona bei ya Bulaya kwenye ukurasa wake wakati wowote. Kijiji anachonunua kwake hakiioni. Shikeni hilo, nitalirudia.

2. "Wenyeji wamenikasirikia, nifanye nini?"

Angalia ulijenga wapi. Katika mchezo kila kijiji kina ardhi yake kandokando, hata kama juu yake huoni nyumba wala shamba. Ukiichukua bila kulipa, hasira inapanda. Ukiongeza miji karibu, inapanda tena. Lipa ardhi, peleka zawadi, fanya biashara na kijiji bidhaa ambayo kinaitaka kweli. Ukicheza Wafaransa hasira inapanda polepole zaidi. Na usiuze bunduki na farasi kwa kijiji ambacho unapanga kukichokoza kesho.

Mimi kama mtu wa kilimo, hapo mchezo ulinishangaza. Ile ardhi isiyo na kitu juu yake, mchezo unasema ina mwenyewe. Leta ya Leopold II haikukubali hata hilo. Tarehe 1 Julai 1885 dekre ilitoka ikisema kwamba ardhi tupu ni ya Leta. Lakini ardhi tupu ni ipi? Wazee wetu walilima pale, wakaiacha ipumzike miaka kadhaa, wakarudi. Tulifundishwa jambo hilo auditwari, linaitwa jashère. Shamba linalopumzika linafanya kazi ya kurudisha rutuba. Aliyepita na karatasi aliona majani tu, akaandika "tupu". Baadaye, mwaka 1925, Parc Albert ikaundwa, ikapanuliwa miaka iliyofuata mpaka bonde la Semliki. Leo ndiyo Virunga. Na sheria ya ardhi ya 1973 bado inasema udongo wote ni wa Leta. Basi ugomvi wa mashamba unaousikia leo kwenye groupement yenu una mizizi mirefu.

Kuhusu mapatano yenyewe: katika mchezo amani na taifa lingine inadumu kadiri kila upande unavyoihitaji. Sisi tuna mfano mkubwa. Mwaka 1887, kule Zanzibar, Stanley alipatana na Tippu Tip kwa jina la Leopold, akampa cheo cha gavana wa Stanley Falls, ambayo ni Kisangani ya leo. Leopold hakuwa bado na nguvu ya kumtoa, basi akampa cheo. Tippu Tip aliondoka 1890. Kati ya 1892 na 1894 Leta hiyohiyo ikapigana na Waarabu na Waswahili wa mashariki ikawamaliza. Kwa hiyo mchezaji akikuletea amani, usijiulize tu anasema nini. Jiulize anangoja nini.

3. "Nina askari wengi, kwa nini ninashindwa?"

Katika mchezo askari ni mkulima uliyempa bunduki 50. Ukimwongezea farasi 50, anakuwa askari wa farasi. Askari wa miguu akishindwa, anapoteza silaha na anabaki mtu wa kawaida. Makosa matatu ninayaona kila siku. Kosa la kwanza, mnatoa watu wengi mashambani, chakula kinapungua, miji inadumaa. Kosa la pili, mnapeleka mizinga mahali pa wazi, na mizinga kule ni dhaifu sana. Kazi yake ni kulinda mji au kupiga mji. Kosa la tatu, mkitangaza uhuru mnatoka nje kukutana na jeshi la mfalme kwa pupa. Kaeni nyuma ya kuta, wangojeni wapite porini, wapigeni hapo. Na msitangaze mapema: lazima angalau nusu ya watu wenu wawe upande wa uhuru.

Lakini iko jambo mchezo hausemi. Pale, askari wa mkoloni ni mkoloni. Hapa haikuwa hivyo. Force Publique ilikuwa na maofisa wazungu, lakini askari walikuwa Waafrika, wengi walichukuliwa kwa nguvu. Mwaka 1897 askari wa msafara wa Dhanis waliasi kule kaskazini, wakashuka upande wa Semliki kuelekea Kivu, na ilichukua miaka kuwashinda. Katika FreeCol hakuna askari anayechoka, anayelala njaa, anayemgeukia ofisa wake. Unambonyeza, anaenda.

Pia silaha za mchezo zinarudi ghalani. Mtu anavua bunduki, zamu inayofuata yuko shambani analima. Ninapofika hapo huwa ninasimamisha mchezo kidogo. Sisi wa Beni tunahesabu mauaji ya raia tangu Oktoba 2014. Tuko chini ya état de siège tangu Mei 2021. Tunajua kwamba bunduki ikishatoka ghalani hairudi kwa kubonyeza. Na tunajua anayelipa kwanza: shamba. Kakao inaivia mtini, hakuna wa kuivuna.

4. Swali ambalo hakuna aliyeniuliza

Miaka yote hii hakuna mdogo wangu aliyewahi kuniuliza: "Mukubwa, kijiji kinashindaje?"

Jibu ni fupi: hakishindi. Huwezi kukichagua mwanzoni. Kijiji kinaweza kukufundisha, kununua, kukasirika, kushambulia, kuchomwa. Kushinda hakuna. Na tena, mchezo huu unaozungumza sukari, pamba na tumbako za Amerika hauna mtumwa hata mmoja. Watu waliolima vitu hivyo kwa kweli, waliotolewa Afrika, pamoja na wale wa bonde la Congo, hawamo kabisa.

Sisemi tuache kucheza. Mimi bado ninacheza. Ninasema tuangalie tumekaa kwenye kiti cha nani.

Nieleze kwa nini hilo linanigusa. Siku nilipopata licence yangu, nilienda kumwonyesha babu. Nilifikiri atafurahi. Aliangalia karatasi, akaniuliza, "Njo ulienda kusomea ile? Agronome? Wale walikuwa wanatuandika mu buku." Kwake agronome si mwalimu. Tangu 1917 kulikuwa na mazao ya lazima, mpaka siku 60 za kazi kwa mwaka, na agronome wa Leta alikuja kukagua. Ambaye shamba lake halikupaliliwa aliandikwa, na aliyeandikwa alilipa amendi au alifungwa. Chini yake alikuwa kapita, mtu mweusi kama sisi, anayejua lugha ya kijiji. Babu aliona baba yake akipelekwa kufungwa kwa ajili ya shamba.

Mimi nilicheka siku ile. Halafu mnunuzi mmoja wa kakao, sitamtaja, akaniajiri msimu mmoja kufuatilia wakulima. Kazi yangu ilikuwa buku: jina, kilo, mkopo uliotolewa kabla ya mavuno, deni lililobaki. Bei nilipewa kwa simu asubuhi, nikaambiwa nisiwaambie wakulima bei ya mpaka wa Kasindi. Siku moja mama mmoja aliniuliza, "Mtoto wangu, wewe ulisoma, bei ya kweli ni ngapi?" Nilikuwa naijua. Nilimwambia sijui.

Usiku ule nilifungua FreeCol, nikaingia kijijini na meli yangu, nikapewa ngozi kwa bei ndogo, nikaenda Bulaya kuziuza kwa bei nzuri. Sikuweza kuendelea. Faida yangu yote ilitoka pale: mimi ninaiona bei, kijiji hakiioni.

Lakini katika mchezo huohuo liko jambo lingine, na wadogo wengi wanalipita. Njia rahisi ya kupata fundi wa tumbako ni kumpeleka mgeni wako kijijini akae na kujifunza. Kijiji ndicho kinachomfanya kuwa fundi. Yaani hata mchezo wa wakoloni unakubali kwamba agronome wa kwanza ni mwenye shamba.

Msimu mpya unakaribia. Yule mnunuzi amenipigia simu tena, na ninahitaji kazi, sitawadanganya. Nimemjibu kwamba nitarudi kwa masharti matatu: bei ya siku iandikwe kwa chaki penye mizani, pamoja na bei ya Kasindi, kila mkulima awe na buku yake inayofanana na yangu, na wanaokaa karibu wachachushe kakao pamoja, mahali pamoja penye ulinzi, wauze kavu. Mutwanga, kwa umeme wa maji wa Virunga, watu wamefika mpaka sabuni na chokoleti. Sisi tuanze na sanduku la mbao na majani ya ndizi.

Bado hajanijibu. Akikataa, nitawaambia. Akikubali, kituo cha kwanza ni kwa yule mama, kumwomba msamaha na kumtajia bei.

Na wewe mdogo wangu unayeuliza namna ya kushinda: uza sigara, lipa ardhi, ngojea nyuma ya kuta. Halafu ukifunga mashini, nenda kwa babu au bibi yako, umuulize neno "kapita" linamkumbusha nini.